Eathi Ipimwe, Isikisiwe: Barua ya Wazi kwa Wenye Nyumba za Zamani za Dar es Salaam

Kwa wenye nyumba za kupanga zilizofungwa umeme zamani, na kwa mafundi umeme wanaowahudumia.

YAH: KUPIMA EATHI KABLA MPANGAJI HAJAINGIA

Ndugu zangu,

Ombi langu ni moja, nalitanguliza ili hata atakayeishia aya hii awe amelipata. Kila nyumba ya kupanga iliyofungwa umeme miaka mingi iliyopita ipimwe eathi kwa kifaa kabla mpangaji mwingine hajaingia, na namba zitakazopatikana ziandikwe kwenye karatasi ambayo mpangaji atapewa pamoja na mkataba wake. Fundi kuchungulia nyuma ya nyumba, akautikisa waya na kusema "iko sawa", hakutoshi.

Aliyewahi kupanga uswahilini analijua jambo ninalolisema. Kuna nyumba ambazo mtu hafungui friji bila kuvaa ndala. Mgeni akifika anaonywa mapema: "Vaa kandambili kwanza, hilo friji linapiga kidogo." Watoto wanafundishwa kushika mlango wake kwa kitambaa. Pasi inatekenya, pampu ya maji haiguswi mkono ukiwa umelowa, na kwenye jiko la umeme kuna upande wa kusimama na upande wa kuepuka. Watu wameyazoea hayo kama wanavyozoea mlango unaokwama. Mimi siwezi kuyazoea, kwa sababu najua friji "linalopiga kidogo" ni friji ambalo bodi lake zima tayari limebeba umeme. Kinachomwokoa mtu hapo ni plastiki ya ndala na sakafu kavu. Asubuhi ya siku ambayo ukumbi umepigwa deki na mtoto yuko pekupeku, vyote viwili havipo.

Hesabu yake ni fupi. Mwili wa mtu aliyelowa tuukadirie kuwa na ukinzani wa omu 1,000. Volti 230 zikipita humo, zinasukuma takriban miliampea 230. Miliampea 10 hivi zinatosha kuikaza misuli mpaka mkono ushindwe kuachia. Zikifika 30 na kuzidi, zikaendelea kupita kifuani, moyo unaingia hatarini. Tunazungumzia kiasi cha umeme ambacho taa ndogo tu ya nyumbani inakihitaji iwake, na ambacho fyuzi yenu ya ampea 30 haiwezi hata kukihisi.

Nyumba zenyewe nazifahamu. Ziko zile za Kiswahili za Kariakoo, Ilala na Magomeni, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, uani karo, choo na jiko. Ziko ghorofa za Upanga na katikati ya mji. Ziko nyumba za Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilizoanza kujengwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja vilivyopimwa na kuwekewa huduma. Wakati zinafungwa umeme, matumizi yalikuwa taa chache, redio, pasi na pengine feni. Leo chumba kimoja cha kupanga kina friji, birika la umeme, runinga na blenda, uani kuna pampu ya kisima, na kwa mwenye uwezo ukutani kuna kiyoyozi. Juu ya hayo, mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati hiyo ifikapo 2034, na sehemu ya nishati hiyo ni umeme. Nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini maana yake ni kwamba masufuria na majiko ya chuma yaliyochomekwa umeme, yenye maji yanayochemka ndani yake, yanaingia kwenye nyumba ambazo eathi yake hakuna mtu aliyeigusa tangu bomba la maji lilipokuwa la chuma.

Na kumbukumbu hazipo. Mwaka 1971 Sheria ya Kutwaa Majengo ilihamisha majengo mengi ya mjini kutoka kwa wenyewe kwenda serikalini chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 shughuli za Msajili zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba za watu binafsi nazo zimerithiwa, zimegawanywa, zimeuzwa nusu, zimeongezwa vyumba vya uani. Ni nadra sana kukuta mwenye nyumba aliye na mchoro wa nyaya zake. Kwa hiyo hakuna karatasi ya kutegemea. Kinachobaki ni kupima.

Sasa tuingie kwenye eathi yenyewe, maana hapa ndipo fedha zenu zinapopotea.

Mkimwita fundi akaangalie nyumba ya zamani, kitu cha kwanza atakachokiona ni wembamba wa waya wa eathi unaotoka kwenye meni swichi. Atakuta waya wa shaba wa vipimo vya inchi, ule ambao mafundi wazee bado wanauita 7/029, yaani nyuzi saba zenye kipenyo cha inchi 0.029 kila moja. Ukiugeuza kwa vipimo vya leo unapata karibu milimita za mraba 3. Atatikisa kichwa, atasema siku hizi tunaweka 16, na atawaandikia gharama za waya mpya mnene wa kijani na njano. Mtalipa. Waya utang'aa ukutani. Na friji litaendelea kupiga.

Fundi huyo hakosei kusema waya ni mwembamba. Jedwali linalotumika katika kanuni za Uingereza, BS 7671, ambazo utandazaji wetu wa nyaya umekua chini ya kivuli chake, linasema waya wa laini ukiwa hadi milimita za mraba 16, wa eathi uwe unene uleule. Lakini jedwali hilo ni njia ya mkato kwa asiyetaka kupiga hesabu. Kanuni hizohizo zinaruhusu kukokotoa: uchukue mkondo wa hitilafu, uuzidishe kwa wenyewe, uzidishe kwa sekunde utakazodumu kabla ya kukatwa, utafute kipeuo cha pili, kisha ugawanye kwa namba ya uvumilivu wa waya, ambayo kwa waya wa shaba wenye ganda la PVC unaojitegemea ni 143. Kwa mfano, hitilafu ya ampea 600 ikikatwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha. Ampea hizohizo 600 zikiachwa zipite sekunde 5 kwenye fyuzi nzito ya zamani, unahitaji zaidi ya milimita za mraba 9, na waya wenu wa 3, au hata wa 6, unaweza kuungua ganda lake kabla fyuzi haijakatika. Waya ni uleule, mkondo ni uleule. Muda ndio uliobadilika. Ndiyo maana fundi anayehukumu unene kwa macho, bila kuuliza nini kinakata na kwa muda gani, hajafanya tathmini.

Hayo ni kwa nyumba ambayo shirika la umeme limeleta eathi yake hadi mlangoni kwa kebo. Nyumba nyingi ninazoingia mimi haziko hivyo. Nguzoni zinatoka nyaya mbili, laini na nyutro, na eathi ni ya nyumba yenyewe: fimbo iliyochimbiwa uani. Hapo mambo yanageuka kabisa. Umeme unaovuja kwenye bodi la friji lazima upite kwenye udongo kurudi hadi transfoma ya mtaa, na udongo ni njia mbaya ya umeme. Tuseme fimbo yenu ina ukinzani wa omu 75 na eathi ya transfoma ina omu 10. Volti 230 zinasukuma ampea 2.7 tu. Waya wa zamani wa milimita za mraba 3 unazibeba ampea hizo bila hata kupata joto. Sakiti breka ya ampea 20 inaziona kama mtu aliyewasha taa, na haikati. Wakati huohuo chuma cha friji kimekaa kwenye volti zaidi ya 200, saa zote, na kitakaa hivyo hadi mtu akiguse au LUKU iishe. Na itaisha haraka: ampea 2.7 zinazovujia ardhini mchana na usiku zinakula karibu uniti 15 kwa siku. Mpangaji anayelalamika kwamba uniti zinayeyuka, na mnadhani jirani yake anapasha maji kwa siri, huenda anazimwaga kwenye mchanga wa uani kwenu.

Nyumba moja ya Kiswahili maeneo ya Ilala inanionyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Mpangaji mmoja alikuwa anauza barafu na juisi za vifuko, friji lake likiwa ukumbini. Mwenye nyumba, mama mtu mzima na muungwana, alikuwa ameshatumia fedha: waya wa eathi ulikuwa mpya, wa milimita za mraba 16, umebanwa ukutani kwa ustadi, ukashuka nyuma ya choo na kuzama ardhini. Nilizima meni swichi kwanza, nikafungua klipu, nikaunganisha mita. Ukinzani ulizidi omu 1,000. Nikafukua kidogo kwa mkono. Chini ya ule waya mzuri kulikuwa na kipande cha nondo ya milimita 12, urefu wake kutoka kiwikoni hadi kwenye ncha za vidole, upande mmoja ukiwa na alama ya msumeno. Nilikitoa kwa vidole viwili. Klipu yenyewe ilikuwa imeshika kutu, si chuma.

Tulizamisha fimbo ya chuma iliyopakwa shaba, vipande viwili vya mita 1.2 vilivyoungwa kwa skrubu, mahali penye unyevu karibu na njia ya maji ya karo. Ukinzani ukashuka chini ya omu 60. Tukaweka RCD ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme unapovuja. Friji la barafu lilipochomekwa, RCD ikakata papo hapo. Mwenye friji alidhani nimemharibia biashara. Fundi friji alipolifungua alikuta waya wa kompresa umechubuka na kugusa chuma. Ule waya wa 16 uliokwishalipiwa haukuwa umemlinda mtu yeyote hata siku moja.

Kwa hiyo udogo wa eathi katika nyumba zenu mara nyingi uko ardhini, mahali pasipoonekana. Na hata ardhini kuna la kuzingatia. Watu hupenda fimbo nene. Unene hausaidii sana. Kwa udongo wa kawaida wenye ukinzani wa omu-mita 100, fimbo ya mita 1.2 yenye kipenyo cha milimita 12.7 inatoa takriban omu 75. Ukiongeza unene mara mbili, unapata 65. Ukiacha unene uleule ukaongeza urefu hadi mita 2.4, unapata 42. Kwenye mchanga mkavu, ambao Dar es Salaam tunao kwa wingi, ukinzani wa udongo unaweza kufika omu-mita 500 na kupita: fimbo ya mita 1.2 itakupa karibu omu 370, ya mita 2.4 karibu 210. Fundi akigonga jiwe, akakata fimbo na kuondoka, amekuuzia fimbo na kukunyima eathi. Jiwe likigoma, anasogea mahali pengine, au anazamisha fimbo mbili zikiachana angalau kwa urefu wa moja na kuziunganisha.

Chumvi nayo niiseme. Kumwaga chumvi kwenye shimo la eathi kunashusha namba siku ya kupima. Masika mawili baadaye chumvi imeshasombwa na iliyobaki imeshaila klipu na waya. Sipendekezi chumvi. Waya wa shaba mtupu usio na kinga ya kutu ukizikwa ardhini, kanuni zinataka usipungue milimita za mraba 25, kwa sababu udongo huula taratibu. Wenye kinga ya kutu lakini usio na bomba la kuukinga na jembe uwe 16. Ile "16" ambayo kila fundi anaitaja, hapa ndipo inapostahili. Waya unaopita juu ya ukuta ndani ya bomba, kwa nyumba yenye fimbo yake na RCD, milimita za mraba 6 ndicho kima cha chini cha kanuni za kimataifa za IEC na kwa kawaida kinatosha.

Kuna nyumba ambazo hazikuwa na fimbo kabisa. Zilifungwa eathi kwenye bomba la maji la chuma lililotoka barabarani, na zamani ilifanya kazi, maana bomba hilo lilikuwa limezikwa mtaa mzima. Kisha bomba likaoza, likawekwa la plastiki. Fundi bomba alimaliza kazi yake vizuri, maji yakatoka, hakuna aliyemwita fundi umeme. Waya wa eathi bado umefungwa kwenye kipande cha bomba la zamani ukutani ambacho hakiendi popote. Mbaya zaidi, kama kipande hicho kinaishia kwenye bomba la bafuni, hitilafu ya pasi chumba cha mbele inampelekea umeme anayeoga nyuma. Kama mabomba yenu yamewahi kubadilishwa, anzeni ukaguzi hapo. Katika ghorofa za zamani pia kuna zile ambazo mabomba ya chuma yaliyobeba nyaya ndani ya kuta ndiyo yaliyokuwa eathi. Yakipata kutu kwenye viungo, soketi za vyumba vya mwisho zinabaki na tundu la eathi lisilo na kitu nyuma yake.

Mafundi wenzangu, sasa nazungumza nanyi.

Kuna tabia ya kuunganisha eathi na nyutro kwa kijiwaya nyuma ya soketi ili taa ya kupimia iwake na mteja aridhike. Acheni. Nyutro ikikatika kabla ya hapo, kwenye kiungo cha zamani au juu kwenye nguzo, kila kitu cha chuma kilichochomekwa kwenye soketi hiyo kinapanda hadi volti 230 kupitia kijiwaya chenu, bila hitilafu yoyote ndani ya kifaa. Anayefanya hivyo anatega mtego na kuulipisha.

Kuna pia RCD zinazorukwa kwa sababu "zinakatakata". RCD inayokata inaona umeme unaotoka kwa laini bila kurudi kwa nyutro, na katika nyumba ya zamani kuna sababu halisi: friji bovu, nyutro za mistari miwili zilizochanganywa, maji ndani ya boksi la dari. Tenganisheni mistari, itafuteni sababu hiyo. Ikibidi, wekeni RCD zaidi ya moja ili hitilafu ya chumba kimoja isizime nyumba nzima. Na msimwambie mteja kwamba kitufe cha T kimethibitisha eathi. Kitufe hicho kinapitisha mkondo mdogo kati ya laini na nyutro ndani ya RCD yenyewe. Kitakata hata kama uani hakuna fimbo. Kinathibitisha kwamba RCD inaruka, basi.

Kupima kunawezekana hata uani kukiwa kumemwagwa zege kote. Penye udongo, tumieni kipima eathi chenye vijiti viwili vya msaada na umbali wa kutosha. Pasipo nafasi, pimeni ukinzani wa mzunguko wa hitilafu kwenye meni swichi, mkijua namba hiyo inajumuisha na eathi ya transfoma, hivyo ni ya upande wa usalama. Multimita ya kawaida haipimi eathi. Zimeni meni kabla ya kufungua klipu: kwenye nyumba yenye hitilafu, mkiifungua klipu meni ikiwa haijazimwa, waya mlioshika unaweza kuwa na volti 200. Kisha nendeni soketi kwa soketi mkihakikisha waya wa eathi unafika, kwa sababu fimbo nzuri isiyofika chumbani haimsaidii anayelala humo. RCD ya miliampea 30 ipimwe kwa kifaa: ikate ndani ya milisekunde 300 kwa mkondo wake, na ndani ya 40 kwa mara tano yake.

Kwenye karatasi mwandike omu za eathi, mahali fimbo ilipo na urefu wake, milisekunde za RCD, soketi zisizo na eathi, tarehe, na namba ya leseni yenu ya EWURA. Kwa hesabu tupu, RCD ya miliampea 30 inavumilia eathi hadi omu 1,667 bila chuma kuzidi volti 50. Msijifiche nyuma ya namba hiyo. Eathi inayozidi omu 200 hubadilika na majira, na ya leo ikiwa 900 baada ya mvua, Septemba inaweza isiwepo.

Wenye nyumba, mtaniuliza mwanze na nini kama fedha ni kidogo. RCD kwanza, nyumba nzima. Hiyo ndiyo fedha itakayookoa maisha mapema kuliko nyingine yoyote, hata kabla fimbo haijarekebishwa, kwa sababu itakata hata pale ambapo njia pekee ya umeme kwenda ardhini ni mwili wa mtu, ingawa mtu huyo atakuwa ameonja. Fimbo inafuata, ili RCD ikate wakati hitilafu inapotokea, kabla ya mtu kuwa sehemu ya njia. Halafu soketi zisizo na eathi, kuanzia zenye friji, jiko na pampu. Kunenepesha waya wa meni swichi kuje mwisho, isipokuwa kama umeoza, umekatika, umezikwa mtupu, au hesabu imeonyesha hautoshi.

Na mkiwa mnazungukia vyumba, tazameni plagi. Mafriji mengi ya mtumba kutoka Ulaya yana plagi za miguu miwili ya duara, na eathi yake iko kwenye vibati vya pembeni. Wapangaji wanazisukuma kwenye soketi zetu kwa kutia kijiti kwenye tundu la juu. Zinaingia, friji linawaka, na eathi yote mliyoilipia inaishia kwenye soketi bila kugusa friji. Plagi ya miguu mitatu ni kitu cha bei ndogo, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache. Ifanyeni sharti la kuingia.

Najua hoja itakayorudi: mpangaji ndiye anayetumia, mpangaji alipe. Sikubaliani. Friji bovu ni lake, alitengeneze. Eathi ni sehemu ya nyumba kama paa, na hakuna anayempangisha mtu nyumba isiyo na paa kisha akamwambia aezeke.

Kwa EWURA na TANESCO, ambao nakala ya barua hii inawahusu, nina ombi dogo. Nyumba mpya haiunganishwi umeme bila taarifa ya fundi aliyesajiliwa. Ombi ni kwamba mita inapobadilishwa au jina la mteja linapohamishwa kwenye nyumba ya zamani, idaiwe taarifa kama hiyo, na iwe na namba za eathi ndani yake. Na TBS iendelee kuwabana wanaouza fimbo zenye rangi ya shaba badala ya shaba, maana fundi mwaminifu naye anauziwa.

Pimeni wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa imekauka, kwa sababu namba ya wakati huo ndiyo mbaya kuliko zote na ndiyo ya kuamini. Mita yangu iko tayari, na wapo mafundi wengi wenye leseni hapa jijini wanaoifanya kazi hii kwa uaminifu. Na mpangaji atakayepewa karatasi iliyoandikwa "iko sawa" bila namba hata moja, airudishe.

Wenu,

Fundi umeme,
Dar es Salaam